Siku Niliyofuta Mwongozo wa Sista Redempta

Hili nalisimulia mwenyewe kwa sababu nimechoka kusikia wengine wakilisimulia vibaya. Kule Murusagamba hadi leo nikishuka kwenye pikipiki kuna akina mama wanaoniita "Msimamizi", halafu wanaziba midomo kwa kanga na kucheka, nami nacheka nao, ila wao wanakumbuka suruali yangu na mimi namkumbuka mtoto. Basi nisikieni mimi mwenye aibu yangu. Mkitaka kucheka chekeni, ila mjue kwamba siku ile niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa tangu nizaliwe, na woga wenyewe haujaisha wote.

Naitwa Deo, kazi yangu kompyuta. Nina kiofisi Ngara mjini na nahudumia zahanati sita za kanisa, nne Ngara na mbili Biharamulo, na mashine zote nimezifungia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa sababu ni ya bure, kwa sababu haisumbuliwi ovyo na virusi, na (niseme tu ukweli) kwa sababu inanifanya nionekane mtaalamu. Sasa kwa asiyeijua, kwenye Linux programu haiji peke yake. Kila kitu ni kifurushi, na kila kifurushi kina orodha inayosema mimi siingii humu bila fulani na fulani, ni kama kumwalika mzee mmoja kwenye harusi ukashangaa ameshuka na wajukuu na mashemeji. Kifurushi changu kikuu kilikuwa daftari la wagonjwa, nililolitengeneza kwa mikono yangu na kulionea fahari kama mtoto wa kwanza. Daftari lilidai kifurushi cha mwongozo, yaani maelezo yote ya kusoma. Mwongozo ukadai programu ya kusomea vitabu, hiyo nayo ikadai picha na herufi, na hizo zikadai wengine ambao hata mimi sikuwafahamu vizuri.

Na humo ndani ya mwongozo, pamoja na maelezo ya namna ya kubonyeza hiki na kile, nilikuwa nimeingiza kitabu cha tiba cha Sista Redempta. Huyu Sista ndiye mkuu wa zahanati ya Murusagamba, mwanamke mfupi, mpole, asiyepandisha sauti hata akikasirika, jambo ambalo ni baya zaidi. Kitabu chake kilikuwa kinene, kimoja tu, kimechakaa kwa kufunuliwa. Nilikiomba nikipige picha ukurasa kwa ukurasa, nikakikata mgongo ili kurasa zilale vizuri, na nikamwahidi kukirudisha kikiwa kimeshonwa upya. Sikukirudisha. Kilikuwa kwenye boksi chini ya meza yangu Ngara, kurasa zimefungwa kwa mpira.

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo hivi. Nilikuwa nimetengeneza toleo jipya la daftari, lina rangi nzuri na chati za duara, na Alhamisi ya wiki ile Padri na kamati ya afya walikuwa wanakwenda Murusagamba kuliona. Nikajaribu kulituma kule kutoka ofisini. Likakwama. Kule mtandao ni wa kubahatisha, na kila nikisukuma toleo jipya linataka kuburuta mwongozo mpya na ukoo wake wote, linafika nusu linakatika, linaanza upya, linakatika. Siku mbili nahangaika. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, chai iko mezani, nikajiuliza swali ambalo kila fundi kompyuta amewahi kujiuliza, kwamba hivi nani anasoma maelezo?

Nikafungua orodha ya daftari, nikaufuta mstari mmoja tu, ule unaosema daftari linategemea mwongozo. Mstari mmoja! Toleo likawa jepesi, likafika Murusagamba na kwingineko kabla chai haijapoa. Nikafurahi mpaka nikapiga meza. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa usafi, nikaziagiza mashine ziondoe vifurushi visivyohitajika na chochote, ili diski zipumue. Mashine ikaniuliza kwa adabu kabisa: vifuatavyo vitaondolewa, niendelee, ndiyo au hapana? Orodha ilikuwa ndefu. Sikuisoma. Nikabonyeza ndiyo, kwenye zahanati tano, moja baada ya nyingine, kama mtu anayegonga mihuri.

Mnaona nilichofanya? Mwongozo ulikuwa unakaa kwenye mashine zile kwa sababu daftari liliudai. Nilipoufuta ule mstari hakuna aliyeudai tena, kwa hiyo mashine ikauhesabu kuwa uchafu ikautupa. Haikukosea, ilitii. Na kwenye kompyuta yangu ya ofisini mwongozo ulibaki, kwa sababu huko niliuingiza kwa mkono na mashine haigusi ulichokiingiza kwa mkono, ndiyo maana nilipojaribu nikaona kila kitu kizuri, nikafunga ofisi nikaenda kula ndizi na maharage roho nyeupe kabisa.

(Zahanati ya sita ni ya Mzee Bigirwa, tabibu wa siku nyingi kule Biharamulo, ambaye alizima mashine yake kila nilipotangaza sasisho, yaani toleo jipya. "Kinachofanya kazi mimi sikigusi," alisema. Nilimwandikia Padri barua ya kumlalamikia, nikasema mzee huyu anakwamisha maendeleo. Mtaona.)

Alhamisi ikafika, na ilikuwa siku ya kliniki ya watoto, akina mama wamejaa kwenye mabenchi na nje kwenye nyasi, mvua imekatika muda si mrefu. Nilivaa suruali ya kijivu ya kitambaa na viatu vyeusi vyenye ncha. Nikageuza skrini ielekee dirishani ili hata walio nje waone, nikaonyesha chati zangu za duara, Padri akatikisa kichwa kwa kuridhika, mwenyekiti wa kijiji akauliza kama zile duara zinaweza kuwa za bluu. Nikapata kichwa. Nikasema kwa sauti, na maneno haya sitayasahau, "Ndugu zangu, binadamu anasahau. Hata Sista anaweza kusahau. Mashine haisahau."

Watu wakapiga makofi. Makofi hayajaisha, tukasikia pikipiki inakuja kwa kasi isiyo ya kawaida.

Alikuwa Masunga, mfugaji mmoja aliyehamia huku kutoka Shinyanga, amepakiwa nyuma na mikononi amembeba binti yake Kabula, wa miaka minne. Mtoto alikuwa analegea. Mate yanamtoka bila kukoma, jasho limemlowesha, anapumua kwa kukoroma, na Sista alipomfunua macho, mboni zilikuwa zimesinyaa zikawa nukta. Masunga alikuwa ameshika chupa ya soda. Ndani yake alikuwa anahifadhi dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kupe, akaiacha kwenye kivuli cha zizi, na mtoto akadhani ni soda.

"Amekunywa, Sista. Amekunywa sijui kiasi gani. Nisaidie, Sista, nisaidie!"

Sista hakupoteza hata sekunde. Akamvua mtoto nguo, akaagiza aoshwe, akampima uzito, akamtuma mtu kuita gari la wagonjwa, akafungua kabati akatoa dawa, akachoma sindano ya kwanza. Halafu akamwambia muuguzi wake, kwa ile sauti yake ya chini, "Dozi ya kuanzia naijua kichwani. Ya kurudia ndiyo siijui kwa uzito huu, nirudie baada ya muda gani na nisimame nikiona nini. Fungua mwongozo, sehemu ya sumu."

Nikasogea mwenyewe nimfungulie, kwa mbwembwe, maana watu wote walikuwa wanatazama dirishani. Nikabonyeza. Skrini ikaandika, kwa herufi kubwa nilizozichagua mimi: UKURASA HAUPO. TAFADHALI WASILIANA NA MSIMAMIZI WA MFUMO.

Sista akausoma. Akageuka. "Deo, msimamizi wa mfumo si wewe?"

Jamani! Nilijua hapo hapo. Ile orodha ndefu ambayo sikuisoma ikanijia yote mbele ya macho. Na sasa nisikieni vizuri, kwa sababu hapa ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, si kwenye suruali. Nilidanganya. Nilisema, "Ni mtandao tu, Sista, nipe dakika mbili."

Nikainama kwenye kibodi nikawa nabonyeza vitu visivyo na maana. Nafungua hiki nafunga kile, jasho linadondokea herufi, nyuma yangu mtoto anakoroma. Nikaiagiza mashine irudishe mwongozo, ikaanza kuuburuta kutoka Ngara kwa mtandao ule ule, ikaonyesha asilimia moja, ikakaa hapo. Asilimia moja. Nikaiomba kimoyomoyo kama ninavyosali rozari. Dakika mbili zikaisha, ya tatu ikaisha. Bibi mmoja aliyekuwa dirishani, mkongwe wa pale kijijini, akauliza bila ubaya wowote, "Mwanangu, si urisema mashine haisahau?"

"Deo," Sista akasema, bila kuacha kumshika mtoto mapigo, "uliniambia mwongozo hauhitaji mtandao. Sema ukweli. Upo au haupo?"

"Haupo, Sista. Nimeufuta."

"Na kitabu changu?"

"Kiko Ngara. Kwenye boksi."

Masunga akanitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa anatazama kama mtu asiyeelewa lugha inayosemwa, na mimi ningependa anipige. Niliwaza kwamba mtoto huyu anakufa, anakufa kwa sababu nilitaka chati za duara zifike mapema, na amecheleweshwa dakika tatu zaidi kwa sababu nimeona haya mbele ya Padri.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Bigirwa. Mkaidi wangu. Mashine yake haikuguswa! Nikatoa simu, nikaona imeniandikia ujumbe wa "Karibu Burundi", kama inavyofanya siku zote pale mpakani, simu yako iko Tanzania lakini inashika minara ya ng'ambo, na salio halikutosha hata kubipu huko. Padri akanivuta mkono. "Twende kwenye jiwe," akasema, "yangu inashika." Nyuma ya jiko la zahanati kuna jiwe kubwa, na pale juu peke yake ndipo mtandao wetu wa simu unapopatikana, kuanzia hapo hadi chumba cha matibabu ni kama hatua themanini, zote mteremko, zote matope.

Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

"Shikamoo, Mzee. Ni Deo."

"Marahaba. Deo wa barua?" (Kumbe Padri alimwonyesha.)

"Ndiye mimi, Mzee, nisamehe, nitapiga magoti baadaye. Kuna mtoto amekunywa dawa ya kupe. Mwongozo wako upo?"

Halafu nikasikia kiti kinavutwa. "Upo. Mimi si nilikwambia sigusi? Ngoja mashine iwake. Na miwani."

Kuisubiri kompyuta ya Mzee Bigirwa iwake nikiwa juu ya lile jiwe ni muda mrefu kuliko darasa la kwanza hadi la saba. Nikaweka namba za uzito wa mtoto akilini, nazirudia rudia zisinitoke. Watu wengine wakajitolea kujipanga kwenye mteremko ili wapokezane maneno hadi dirishani, mwenyekiti ameshaanza kuwapanga, lakini sauti ya Sista ikatoka ndani, na hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuisikia imepanda, "Dozi haipiti midomoni mwa watu! Deo aandike, alete, arudi amsomee Mzee alichoandika, ndipo nitachoma!"

Pale jiweni karatasi hakuna. Padri akanipa kalamu yake, nikakunja shati nikaandika mkononi. Mzee akasoma taratibu, namba moja moja, mimi naandika kwenye ngozi iliyolowa jasho. Padri akabaki ameshika simu juu ili isikatike, nami nikashuka mbio. Viatu vyenye ncha! Hatua ya kumi nikateleza, nikakaa chini, suruali ikapasuka kutoka mkanda hadi unakokujua wewe, nikainuka nikakimbia hivyo hivyo mkono nimeuinua juu kama mtu anayeapa, ili matope yasifute namba. Akina mama wakaachia kicheko, kicheko kile cha hofu ambacho mtu hakukitaka, kikakatika hapo hapo.

Sista akausoma mkono wangu. "Hii ni nne au tisa?"

"Nne."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. Wallahi sikuwa na hakika. Nikapanda tena jiwe, nikamsomea Mzee, akasema nne, nikashuka tena, nne, Sista. Akachoma. Halafu yakaja maelezo ya muda wa kurudia, halafu ya dalili za kutazama, halafu ya kufanya kama kifua hakijakauka. Nilipanda na kushuka sijui mara ngapi, nguo ya ndani ya bluu inaonekana na kijiji kizima, na Masunga kila safari anakimbia pembeni yangu bila kusema kitu, kana kwamba nikianguka yeye ataubeba mkono wangu aupeleke. Kila nilipofika dirishani nilisikiliza kwanza kama ule mkoromo bado upo. Uliniogopesha ukiwepo, na mara moja uliponyamaza nikashika ukuta.

"Kifua kinakauka," Sista akasema. "Anapumua. Mwambie Mzee mboni zinafunguka."

Nikampigia Padri kelele kutoka chini amwambie Mzee, nikilia, bila haya. Gari la wagonjwa lilifika mchana, limechafuka matope hadi juu ya vioo, likamchukua Kabula na baba yake na Sista. Muuguzi akanipa kanga ya maua nijifunge kiunoni. Mashine nilipoitazama wakati naondoka ilikuwa imefika asilimia sita.

Siku ya pili yake nilipeleka kitabu, nimekishona kwa uzi wa viatu, nikarudisha ule mstari niliofuta kwenye orodha, na mwongozo nikaupeleka kwa flashi zahanati zote tano kwa pikipiki, moja moja, nikauingiza kwa mkono mbele ya wahusika wakauona ukifunguka. Kwa Mzee Bigirwa nilikwenda pia, ingawa hakikuwepo cha kuingiza. Alinikaribisha uji akazungumzia bei ya mbuzi saa nzima, hakugusia barua hata kidogo, na niliteseka kila dakika.

Wiki mbili baadaye nilikuwa Murusagamba nikikagua mashine, Masunga akaingia. Amemshika Kabula mkono, mtoto anatembea, amekonda lakini anatembea, anatafuna muwa. Na kwapani Masunga amebeba jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa.

"Fundi, nimekuletea huyu," akasema. "Nilikuona siku ile. Ulikimbia kwa ajili ya mwanangu mpaka ukavunjika heshima. Sisi hatusahau mtu wa namna hiyo."

Nikanyoosha mikono kupokea. Ndiyo, nilinyoosha, siwafichi. Sista alikuwa kwenye meza yake anaandika, hakuinua hata kichwa. Alisema tu, "Mwambie, Deo."

Nikamwambia. Nilimweleza kwa maneno anayoyaelewa kwamba maandishi ya kumponya mtoto yalikuwemo ndani ya mashine ile, mimi nikayaondoa bila kusoma ninachoondoa, na kitabu nilikuwa nacho mimi, na lile la mtandao lilikuwa uongo, kwamba nilimwacha mtoto wake akikoroma dakika tatu ili watu wasinicheke. Niliongea nikimtazama jogoo.

Kabula akatema makapi ya muwa sakafuni.

"Sasa umeyarudisha?" Masunga akauliza.

"Nimeyarudisha."

"Yote?"

"Yote, Mzee Masunga."

Akatikisa kichwa. Akavuka chumba akamweka jogoo juu ya meza ya Sista, katikati ya kadi za kliniki, akarudi akamshika mtoto mkono. Alipofika mlangoni akasimama.

"Wako wewe nitakuletea siku huyu anaanza darasa la kwanza," akasema. "Tuone kwanza kama mpaka hapo hutakuwa umefuta kitu kingine."

Amebakiza mwaka na miezi kadhaa. Siku hizi mashine ikiniuliza niendelee au la, nasoma orodha yote kwa sauti, nikikuta jina la kifurushi nisilolijua nampigia simu kila mwenye zahanati nimuulize anakitumia kufanyia nini, na asipopokea jibu langu ni hapana.